Mtoto wa Ishirini na Mbili

Nyumba namba tatu iko wazi tangu mwisho wa Agosti. Ndiyo tunayopakana nayo ukuta, upande wa lango, na mwenye nyumba hakubandika tangazo kwa sababu alikuwa anangoja jibu langu, kama nitaikodi nipanue deikea yangu au la. Kila nilipomtumia kodi kwa M-Pesa hazikupita dakika kumi, simu ililia: "Mama, umefikiria?" Nilimwambia bado nafikiria, Mzee. Wazazi nao waliuliza. Dada zangu wa chama, wale tunaochangiana pesa kwa zamu, ndio walizidi. Kwao mambo yalikwisha zamani: nyumba nimeletewa mlangoni, simu za kuomba nafasi haziishi, sasa nangoja nini?

Nilichokuwa nangoja ni hesabu. Nimeipiga, nikaipiga tena, na nimeamua kuiweka hapa, kwa sababu wanawake wanaolea watoto wa watu sebuleni Nakuru hii ni wengi, kutoka huku kwetu Free Area hadi Kaptembwa, na karibu wote hufika mahali sebule ikajaa.

Yangu ilijaa zamani. Nina watoto 9. Wanne ni wachanga, yaani hawajafikisha mwaka na nusu, na watano wanatembea, wanapanda, wanarukia. Kochi liliuzwa, mume wangu hutazamia habari chumbani, na palipokuwa na meza ya runinga pana magodoro yaliyorundikwa hadi kiunoni. Nafungua saa kumi na mbili kasoro asubuhi kwa ajili ya wauguzi wawili wa hospitali kuu ambao lazima wapokee zamu mapema, na mama mmoja wa Top Market ambaye akichelewa sokoni anapata mboga zilizochaguliwa na wenzake. Wa benki huja saa moja, amenyoosha nguo, na huwa hambebi mtoto wake mpaka nimhakikishie hatamtapikia. Tuko wawili, mimi na msichana wa Bungoma ambaye watoto humwita Anti, na sasa wazazi na mume wangu pia humwita Anti.

Kwanza nimalize habari ya pemiti, maana watu hudhani ndiyo ngumu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto, kwa hiyo sisi mambo yetu ni ya kaunti. Ukitaka kutoka kibiashara cha sebuleni hadi kituo chenyewe, pemiti inapanda daraja, na nyuma yake kuna foleni: afisa wa afya ya umma atazame vyoo, jikoni na maji machafu yanakokwenda, watu wa zimamoto, cheti cha afya kwa kila anayeshika chakula, ambacho hurudiwa baada ya miezi sita, na mimi mwenyewe sipokei mfanyakazi asiye na cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi, kile cha kuomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ni kukimbia huku na huku, lakini yote yanafanyika. Mwenye nyumba alikuwa na hofu yake tofauti. Alikuwa amesikia kwamba nyumba ya kuishi ukiigeuza mahali pa biashara unahitaji kibali cha kubadilisha matumizi, chini ya ile Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, na akaanza kuota viwango vya kodi ya ardhi vikimpandia. Nilimwambia hilo tutaliuliza kwa wenye kazi yao. Hakupendezwa sana.

Kwa hiyo karatasi si neno. Kilichonisumbua ni kwamba pemiti ya biashara hutazama shughuli, ukubwa wa mahali na idadi ya wafanyakazi. Umri wa mtoto haumo. Na kwa kazi hii, umri ndio kila kitu.

Binamu yangu yuko Sacramento, Marekani, na anafanya kazi kwenye deikea ya nyumbani kama hii yangu, ila yenye hewa ya kupoza na makaratasi mengi. Huko California leseni ni za aina mbili: nyumba ndogo huishia watoto 8, kubwa huishia 14 na lazima mwenye nyumba awe na msaidizi. Nilidhani tofauti ni hiyo tu. Akaniambia la. Ndani ya kila leseni, idadi ya watoto ikipanda, idadi ya wachanga wanaoruhusiwa inashuka. Nyumba kubwa ikiwa na watoto 12, wachanga wasizidi 4. Ikifika 14, wasizidi 3. Ukiwa na wachanga peke yao katika nyumba ndogo, ni wanne basi. Nilipomsikia niliona kuna mtu aliyewahi kulea wachanga wanne kwa siku moja kabla ya kuandika ile sheria.

Maana mchanga mmoja si mtoto mmoja. Mchanga ana chupa zake zenye jina, nepi zake, usingizi wake usiofanana na wa jirani yake, na lazima alazwe chali kisha mtu amchungulie. Ana kile kijitabu cha Mama na Mtoto, na mimi hunakili tarehe zake za chanjo kwenye daftari langu: wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Vitamini A kuanzia miezi 6, dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja, zote kila baada ya miezi 6. Nazijua kwa kichwa si kwa sababu napenda kliniki. Akitoka kudungwa kesho yake anakuja na joto mwilini, anataka kubebwa kutoka uji wa asubuhi hadi jioni, na siku hiyo ninamhesabu wawili. Kanuni yangu ni mtu mzima mmoja kwa wachanga watatu. Wanaotembea, mmoja anaweza kuwatazama watano au sita, mradi pawe na mwingine wa kusikia akiitwa.

Sasa pesa. Naziandika wazi, kwenye chama chetu tunaambiana, na hapa pia tuambiane.

Mchanga hulipa 8,000 kwa mwezi, anayetembea 6,000. Wakilipa wote, ninaingiza 62,000. Mshahara wa Anti ni 16,500, na ukiongeza mchango wangu wa NSSF, ule wa pensheni yake, na ule ushuru wa serikali wa nyumba za bei nafuu unakaribia 17,700. Chakula, maziwa na maji ya kunywa, 11,000. Nusu ya kodi naihesabu kwa kazi, 9,000, kwa sababu nusu nyingine tunaishi wenyewe. Gesi, umeme, sabuni na vikorokoro, 7,000. Inabaki 17,300 mkononi. Si utajiri, lakini nilipofundisha chekechea ya kibinafsi sikuwahi kuiona, na nauli nilitoa humo humo.

Kwenye maji nisimame kidogo, kwa sababu wageni hunishangaa. Nakuru na sehemu nyingi za Bonde la Ufa visima vyetu vina floraidi nyingi. Wengi tuliokulia hapa tunatembea na ushahidi mdomoni, meno ya kahawia. Meno ya ukubwani huanza kujijenga ndani ya ufizi mtoto angali mdogo, kwa hiyo anachokunywa akiwa kwangu atakitabasamu akiwa na miaka kumi na kitu. Kuchemsha hakusaidii, floraidi haiondoki na mvuke. Uji na maji ya kunywa mimi hutumia ya mvua tuliyoyavuna, yakiisha nanunua yaliyopitishwa kwenye chujio la mkaa wa mifupa. Ya kisima ni ya kudekia na kufulia. Mtu akikwambia analea watoto 25 kwa gharama ya chini hapa mjini, muulize uji wanapikiwa maji gani.

Basi, nyumba namba tatu. Kodi 18,000, na hiyo ni yote ya kazi, hakuna atakayeishi humo. Walezi wawili, kwa sababu mmoja huwezi kumwacha peke yake na watoto wanane, hata msalani hataenda: 35,400. Umeme, sabuni na mengineyo 5,000, maana kupika kungebaki kwangu. Jumla 58,400 kila mwezi kabla mtoto hata mmoja hajavua viatu. Kila anayetembea akilipa 6,000 na kula 1,400, ananiachia 4,600. Gawanya. Mtoto wa kwanza hadi wa kumi na mbili katika nyumba ile wote wanamfanyia kazi mwenye nyumba na mishahara. Wa kumi na tatu ndiye anayeanza kunilipa mimi. Yaani, ukimjumlisha na hawa 9 wangu, ni mtoto wa ishirini na mbili. Kutoka watoto 9 hadi 21 ningekuwa nimeongeza kelele, makaratasi na usingizi wa mang'amung'amu, na nimepata kilekile au pungufu.

Nikiijaza namba tatu hadi watoto wote wafike 25, ndiyo, napata 32,500. Hapo ndipo dada zangu wa chama husimama. "Si ni karibu maradufu!"

Ni kweli. Mpaka Januari ifike. Mtoto akitimiza miaka minne anaenda PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, na shule za kibinafsi zinawachukua hata kabla, bebi klasi, kwa sababu nao wana kodi ya kulipa. Mwezi huohuo mmoja wanne au watano wananiaga kwa keki, na wanaobaki wana kaka na dada wanaotaka karo na sare, kwa hiyo malipo yangu yanafika tarehe kumi na tisa, mengine nusu. Nikishuka kutoka 25 hadi 21 niko chini ya nilipo leo, na walezi watatu wanasubiri mshahara. Huwezi kumwambia mlezi apumzike Januari arudi Machi. Akienda ameenda.

Halafu kuna zile simu. Siku moja nilikaa na daftari nikaangalia wanaoomba nafasi wanaomba nafasi ya nani. Karibu wote ni wachanga! Na sababu yake naijua. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo yenye malipo, kliniki inamwambia mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, na hiyo mitatu iliyobaki katikati inakuja kwangu ndani ya mkoba wenye barafu. Wale wa vibarua hata hiyo mitatu hawana. Anayetembea ana bebi klasi, ana nyanya, ana jirani. Wa miezi minne hana pa kwenda.

Lakini wachanga hawawezi kulipa kodi ya nyumba mpya. Watatu wananipa 24,000, wanatumia 3,000 ya maji na mahitaji, mlezi wao anachukua 17,700, inabaki 3,300. Hiyo kodi ya 18,000 italipwa na wachanga wangapi? Nyumba nilikuwa naihesabia wanaotembea, na mlangoni wamepanga foleni wanaobebwa.

Nilifika hapo nikakwama, na ningekuwa nimekwama hadi leo kama si Anti. Ilikuwa jioni, tunaosha chupa, wa mwisho amechukuliwa. Akaniuliza, "Ticha, ukichukua ile nyumba, mimi ndiye nitakayekaa kule, sivyo?"

"Ni wewe. Nani mwingine?"

"Na wewe huku."

"Mimi huku na wachanga."

Akasuuza chupa mbili zaidi. "Basi ile itakuwa deikea yangu yenye pemiti yako."

Alicheka, nami nikacheka, lakini usiku nilirudi kwenye karatasi yangu ya watoto 25 na jina lake lilikuwa kwenye kila mstari. Nani anafungua namba tatu? Anti. Nani anawafundisha walezi wapya wasimpe mtoto chupa amelala? Anti. Nani wazazi watamwamini? Anti. Mpango mzima ulisimama juu ya yeye kubaki na mshahara wa 16,500 huku mimi nikienda kwenye 32,500. Amekaa nami miaka, anasomea cheti cha malezi ya awali wakati wa likizo kwa pesa zake mwenyewe, na hawezi kuisoma hesabu hiyo? Angeondoka mwaka wa kwanza, na angekuwa na haki. Ningebaki na nyumba mbili, walezi wageni na wazazi wenye wasiwasi.

Kwa hiyo jibu langu kwa Mzee lilikuwa hili: nyumba ataichukua Anti. Kwa jina lake. Ahamie humo na mdogo wake, walee humo, pemiti yake, vyeti vyake, kiwango kidogo kama changu. Mzee alinyamaza kidogo halafu akauliza swali la mwenye nyumba: kodi atalipa nani? Nikamfungulia daftari. Watano wangu wanaotembea wanavuka kwenda kwake. Kila mmoja anaacha 4,600, jumla 23,000, na kodi yake pamoja na umeme na sabuni ni 23,000. Anaanza akiwa amejisimamia. Kila atakayeongezeka ni yeye na mdogo wake kugawana, na watoto wakifika kumi kila mmoja wao wawili ana 11,500 na hapangi tena kwingine; sasa hivi chumba chake cha Mwariki kinamla 6,000. Jambo la pili lililomtuliza Mzee ni kwamba nyumba inabaki na watu wanaolala ndani. Ile ndoto ya viwango vya ardhi ilimwachilia.

Mimi ninabaki na wachanga. Hawatazidi sita, nami nitatafuta msaidizi mwingine. Ada inapanda hadi 9,000 kuanzia Januari. Ukipiga hesabu utaona nabaki na 14,300, yaani nimepungukiwa 3,000 kwa mwezi. Dada zangu wa chama walipoona mstari huo mmoja aliweka chai mezani. Umemfundisha mtu kazi, umempa wateja, na bado unamkopesha deposit? Ndiyo, 18,000 ya deposit imetoka kwenye zamu yangu ya chama, atanirudishia kidogo kidogo hadi Juni. Mtu aliyeketi upande wa pili wa ukuta akinidai salamu kila asubuhi, nina wasiwasi naye kidogo kuliko mgeni niliyemlipa nusu mwezi mbele.

Na hiyo 3,000 inanunua vitu. Jumamosi tunapokezana, kwa hiyo nitakuwa na Jumamosi mbili kwa mwezi, kitu nilichokisahau. Mmoja akiugua mwingine anafungua. Unga na maziwa tunanunua pamoja kutoka kwa mtu wetu wa Bahati, na maji ya kunywa vilevile. Kikubwa zaidi, foleni yangu na nafasi zangu sasa ni za umri mmoja. Mchanga akifikisha mwaka na nusu anavuka kwa Anti, anafuata sauti anayoijua, na kwangu inafunguka nafasi ya yule wa miezi minne ambaye mama yake amepiga simu analia. Januari hii kwa bahati anayeenda PP1 ni mmoja, na anayevuka kutoka kwangu ni mmoja, kwa hiyo kwa Anti watano watabaki watano.

Yapo ambayo hatujakubaliana. Mama wa soko ana mchanga kwangu na mkubwa wake ataenda kwa Anti. Zamani nilikuwa namkatia 1,000 kwa kuleta wawili. Sasa nani anakata? Anti anasema tugawane mia tano mia tano. Mimi nasema mkubwa ndiye anayekula. Tumeliacha hapo mpaka Jumapili. Na wazazi wawili hawakufurahia 9,000. Mmoja ameniambia wazi anatafuta kwingine, na sikumbembeleza, ingawa mtoto wake nampenda sana, ana kicheko cha mzee.

Fundi anakuja Alhamisi kukata kilango kwenye ua wa mabati kati ya nyumba hizi mbili, cha urefu wa mtu mzima, komeo juu kabisa. Anti anahamia tarehe moja Desemba. Nafasi za wachanga za Januari zimeshikwa zote. Inayofuata ni ya Machi, moja tu, na mwenye mtoto wa chini ya miezi mitatu asiniombe, bado simchukui. Wanaotembea msinipigie mimi. Mpigieni Anti, na mkimpigia kati ya saa saba na saa tisa hatapokea, watoto wamelala.